Jinzi za Kijapani na Elimu ya Kunakili

Huenda baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wakashangaa kwa nini leo nimeyaacha masuala ya mitihani, karo na vitabu vya fasihi, nikaamua kuzungumzia suruali. Ninayo sababu. Walimu tunapokutana hatukosi kulalamika kwamba wanafunzi wetu wanaiga mno. Insha zao ni za kuiga, mashairi yao ni ya kuiga, hata utani wao ni wa kuiga. Neno lenyewe "kuiga" tumeligeuza tusi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiutafuta mfano wa kuonyesha kwamba kuna kuiga kwa mvivu na kuna kuiga kwa mwenye bidii, na kwamba viwili hivi ni mbalimbali kama mbingu na ardhi. Mfano ulio bora kabisa sikuupata darasani wala maktabani. Niliupata katika jinzi zinazoshonwa Japani.

Wajapani hutengeneza jinzi za aina mbili ambazo hutafutwa na wapenzi wa vazi hilo kote duniani. Aina ya kwanza ni nakala. Hii ni suruali inayoshonwa leo ili ifanane kwa kila hali na suruali fulani ya Marekani ya mwaka fulani, tuseme Levi's 501 ya mwaka 1937 au ya mwaka 1947. Aina ya pili ni ile inayojulikana kama jinzi mbichi ya kisasa. Huitwa mbichi kwa kuwa kitambaa chake, baada ya kutiwa rangi, kufumwa na kushonwa, hakikufuliwa wala kulainishwa. Mnunuzi huipokea ikiwa ngumu kama ubao. Nakala nazo aghalabu huuzwa mbichi, na hapo ndipo watu wengi huzichanganya. Tofauti yake ni kwamba nakala ina mwalimu ambaye haina budi kumtii, ilhali ile ya kisasa imekwisha kumuaga mwalimu na kwenda zake. Bei ya zote mbili inatisha. Hazipungui sana yeni 20,000, na nyingi hupita yeni 30,000. Anayenunua jinzi yake Gikomba kwa shilingi mia chache atauliza kama wanunuzi hao wana akili timamu, nami simlaumu.

Kabla ya kuzilinganisha, yafaa tuitazame ile ya asili. Tarehe 20 Mei 1873, fundi cherehani wa mji wa Reno, jimbo la Nevada, aliyeitwa Jacob Davis, pamoja na mfanyabiashara wa San Francisco, Levi Strauss, walipewa hataza ya kutia ribiti katika pembe za mifuko ya suruali za kazi ili zisichanike. Lilikuwa vazi la vibarua, wachimbaji madini na wachunga ng'ombe. Nyuzi za mtande wake zilitiwa rangi ya nili, na zile za mshindio zikaachwa nyeupe. Sasa nili ina tabia moja ya ajabu: haipenyi hadi kiini cha uzi. Hujishika juu juu, tabaka juu ya tabaka, na kila panaposuguliwa tabaka moja hutoka mpaka weupe wa pamba ukajitokeza. Kitambaa kingine chochote kikichujuka hulaaniwa na kutupwa, bali jinzi ikichujuka husifiwa, kwa maana huchujuka kwa kuufuata mwili wa aliyeivaa, magotini, mapajani na mfukoni alimozoea kutia kitu. Wajapani wana msamiati mzima wa jambo hili. Ile mikunjo inayopauka sehemu ya mapajani huiita hige, yaani sharubu.

Jambo la pili ni ukingo wa kitambaa. Katika mtambo wa kale, kijiti kilichobeba uzi wa mshindio hurushwa upande huu na upande huu pasipo uzi kukatwa, kwa hiyo ukingo hujifunga wenyewe na haufumuki kamwe. Ila upana wa kitambaa hicho ni mdogo, kama sentimita 75 hivi, na kazi yenyewe ni ya polepole. Mitambo mipya iliyoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia hufuma kitambaa chenye upana maradufu, kwa kasi kubwa mno, lakini uzi hukatwa kila unapopita na ukingo hubaki na nyuzi zinazoning'inia. Mhasibu yeyote angechagua mtambo mpya. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, Levi's walikuwa wameachana na kile kitambaa chembamba kilichowapa sifa. Hawakuona kwamba wametupa kitu cha thamani, na kwa hesabu za wakati ule hawakukosea.

Wajapani walikuwa wapi wakati huu wote? Mwanzo wao, mpenzi msomaji, ulikuwa mitumba. Baada ya nchi yao kushindwa vitani mwaka 1945, majeshi ya Marekani yalikaa huko hadi mwaka 1952, na suruali kuukuu za wanajeshi hao zikawa zinauzwa katika soko la Ameyoko jijini Tokyo. Vijana waliziita jiipan. Walizijua zikiwa zimekwisha kuvaliwa, laini, zilizochujuka. Kwa hiyo kampuni ya Maruo ilipoanza mwaka 1965 kushona jinzi mpya kwa kitambaa kilichotoka Marekani, wenye maduka walinung'unika kwamba zilikuwa ngumu mno na rangi yake nzito mno. Ikabidi zifuliwe kiwandani kabla ya kuuzwa. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa kuwa watu hao hao leo ndio wanaowauzia walimwengu jinzi ngumu kuliko zote na kuwaambia wasiharakishe kuzifua.

Maruo ilikuwa Kojima, sehemu ya mji wa Kurashiki katika mkoa wa Okayama. Walimu na wanafunzi wana haki ya kuujua mji huu, maana kabla ya jinzi Kojima ilishona sare za shule. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilipatikana kwa kuyazuia maji ya bahari. Udongo ulijaa chumvi, mpunga haukustawi, wakulima wakapanda pamba, na kutoka pamba wakaingia katika kufuma na kushona. Kuanzia miaka ya 1920 watoto wa Japani walikuwa wakienda shuleni wakiwa wamevaa kazi ya mikono ya Kojima. Vitambaa vya sintetiki vilipoingia katika biashara ya sare, viwanda vilivyobaki na mafundi wa pamba vilihitaji kazi nyingine, na jinzi ikawa ndiyo kazi hiyo.

Kitambaa lakini kilikuwa bado cha kuagiza. Karibu na hapo, Fukuyama katika mkoa wa Hiroshima, palikuwa na ukoo wa Kaihara uliokuwa ukifuma kitambaa cha kienyeji kiitwacho kasuri, kilichotiwa nili, tangu mwaka 1893. Kampuni hiyo iliwahi hata kufuma saruni za kuuzwa katika nchi za Waislamu. Mwaka 1970 ilijitengenezea mtambo wa kutia rangi kwa kamba: mamia ya nyuzi hukusanywa pamoja kama kamba moja, kamba ikachovywa katika nili, ikainuliwa ipigwe na hewa, ikachovywa tena na tena. Ndiyo njia inayoacha kiini cha uzi kikiwa cheupe. Mnamo miaka ya 1972 na 1973 kiwanda cha Kurabo nacho kikatoa denimu iliyofumwa Japani. Kwa hiyo wafumaji wa nili walikuwapo kabla ya jinzi kuwafikia. Hili ni muhimu, kwa maana anayeiga akiwa na ufundi wake mwenyewe haigi kama yule aliye mikono mitupu.

Tukifika hapo ndipo tunapofika kwenye nakala. Studio D'Artisan ilianzishwa Osaka mwaka 1979. Denime ikafuata mwaka 1988, Evisu na Fullcount zikazaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Warehouse mwaka 1995. Waanzilishi wake walikuwa vijana waliozipenda jinzi kuukuu za Marekani kuliko Wamarekani wenyewe. Walizinunua kwa bei za juu, wakazifumua mshono kwa mshono, wakauhesabu msokoto wa uzi, wakapima unene wa ngozi ya kile kibandiko cha kiunoni. Fullcount, katika kutafuta pamba yenye nyuzi ndefu, waliikuta Zimbabwe, inakochumwa kwa mikono, na hadi leo hujivunia pamba hiyo ya Afrika.

Pana hadithi inayopendwa sana kwamba Wajapani hao waliinunua mitambo ya zamani ya Wamarekani aina ya Draper na kuisafirisha hadi kwao, ati ndiyo siri ya mafanikio yao. Hadithi tamu, lakini si ya kweli. Mitambo inayofuma denimu nyembamba ya Japani ni ya Kijapani, hasa ya Toyoda. Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wake maarufu wa kujiendesha mwaka 1924, na mwaka 1929 kampuni ya Kiingereza ya Platt Brothers ikanunua haki ya kuutengeneza kwa pauni 100,000. Kutoka katika kampuni hiyo ya mitambo ya kufuma ndimo ilimochipuka Toyota, ambayo magari yake yamejaa barabara zetu kutoka Mombasa hadi Malaba. Abiria wa matatu ana udugu na jinzi kuliko anavyodhani.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mtu asiyejua atadhani kwamba kunakili ni kufuata umbo tu. Chukua nakala ya Levi's za wakati wa vita. Serikali ya Marekani ilikuwa imeweka mipaka ya matumizi ya nyuzi, chuma na kitambaa, hivyo ule upinde wa mishono ulio kwenye mfuko wa nyuma haukushonwa, bali ulichorwa kwa rangi. Ribiti za mfuko mdogo wa saa ziliondolewa. Ukanda wa kukazia nyuma ya kiuno ukaondolewa pia. Bitana ya mifuko ilikatwa katika kitambaa chochote kilichokuwa karibu. Mishono ilipinda. Basi wapo watengenezaji wa Kijapani ambao huyanakili hayo yote, hata kupinda kwa mishono. Hebu mfikirie fundi wa Kojima, aliyefundishwa kwa miaka mingi kushona mstari ulionyooka kama rula, akiambiwa leo ashone upande kidogo, kwa makusudi, kwa kuwa mama mmoja wa San Francisco alishona hivyo kwa haraka mwaka 1943. Nilipozigusa suruali hizi kwa mara ya kwanza, mpwa wangu aliyesomea Osaka aliponiletea moja ya kila aina nizitazame, mshono uliopinda ndio ulionisimamisha kwa muda mrefu zaidi. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Vivyo hivyo upindo wa chini. Jinzi za kale zilipindwa kwa mashine ya Union Special 43200G, ambayo ilikuwa na kasoro: iliuvuta upindo kidogo upande, na baada ya kufuliwa ukajisokota kama kamba, ukachujuka kwa mistari ya mshazari. Mashine hizo haziundwi tena. Zilizosalia hutafutwa kama lulu, na kinachotafutwa ndani yake ni ile kasoro. Kitambaa cha kale, kabla ya kufanyiwa kazi ya kukizuia kisinywee, kilipungua hata kwa asilimia 10 kilipofuliwa mara ya kwanza, na miguu ya suruali ikapotoka. Nakala nzuri hunywea na kupotoka vilevile.

Wapo wanaosema kwamba huu ni utumwa wa akili. Mimi sikubaliani nao. Ili ulinakili kosa sharti ulijue kwamba ni kosa, ulijue lilitokana na nini, na uijue njia iliyo sawa ambayo umeamua kuiacha. Mwanafunzi anayenakili hesabu ya mwenzake huyanakili makosa bila kuyaona. Fundi wa nakala huyaona yote. Isitoshe, elimu aliyoikusanya haikuwa tena katika mikono ya mwenye mali, maana mwenye mali alikuwa amekwisha kuitupa. Hata hivyo nakala ina mpaka wake wa haki, na mpaka huo ulichorwa mahakamani. Mwaka 2007 Levi Strauss iliwashtaki huko Marekani baadhi ya watengenezaji wa Kijapani na wenye maduka kwa kutumia alama zake, yaani ule upinde wa mfuko wa nyuma na kile kipande kidogo cha kitambaa kinachochomoza pembeni mwa mfuko. Mishono ikabadilishwa, vipande vikaondolewa. Kuchunguza ufundi wa mtu ni halali. Kutia sahihi yake chini ya kazi yako si halali. Hapo Wamarekani walikuwa na haki, ingawa nawahurumia walioshtakiwa.

Jinzi mbichi ya kisasa yataka maneno mengine. Kitambaa cha zile za kale hakikuzidi aunsi 14 kwa yadi ya mraba, yaani kama gramu 475 kwa mita ya mraba, na zile za mwanzo zilikuwa nyepesi zaidi. Kampuni ya Iron Heart, iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya waendeshaji pikipiki, ilijipatia jina kwa kitambaa cha aunsi 21, na ina kingine cha aunsi 25. Suruali ya namna hiyo husimama yenyewe sakafuni. Wengine, kama Pure Blue Japan, huufuma uzi wenye vinundu na mawimbi, kitambaa kikawa kama maji yaliyopigwa na upepo. Viwanda vya Marekani vya zamani vilitumia fedha nyingi kuviondoa vinundu hivyo. Wajapani hulegeza mitambo yao ili vizidi. Na wapo wanaotumia nili ya mimea, ile ya Tokushima, ilhali Levi's za kale wanazozienzi zilitiwa nili ya maabara, ambayo Wajerumani wa BASF walianza kuiuza mwaka 1897. Mtu akikuambia kwamba jinzi yake iliyotiwa nili ya mmea ni "ya asili kama zile za zamani", mwambie taratibu kwamba za zamani hazikuwa hivyo.

Niseme wazi ninavyopima. Katika jinzi za kisasa nyingi za uzito mkubwa naona majivuno. Aunsi 25 hazimlindi mtu na lolote ambalo aunsi 16 zisingemlinda, labda asiyeketi. Sipendi pia ile desturi ya wapenzi wake kuvaa suruali nusu mwaka bila kuifua, ati sharubu zikolee. Natamani kumwona mwalimu akijaribu hivyo mbele ya darasa la kidato cha pili, watoto wasiojua kuficha wanachonusa. Lakini kile kitambaa chenye vinundu ni uvumbuzi wa kweli. Viwanda vya Marekani vya zamani havikukifuma kwa kukusudia. Kilitoka kwa watu walioijua kasuri, ambao kwanza walijifunza kuufuma uzi laini ulionyooka kama ule wa White Oak, kiwanda cha North Carolina kilichokuwa kikiwafumia Levi's, kisha wakaamua wenyewe kiasi cha kuachana na unyoofu huo. Nikilazimishwa kuchagua, nakala ndiyo ningeiweka mezani mbele ya wanafunzi, na ile ya vinundu ndiyo ningeivaa.

Liko jambo moja ambalo aina zote mbili hulifanya vyema, nalo ni zito kuliko urembo. Jinzi nyingi za dukani huuzwa zikiwa zimekwisha kuchakazwa kiwandani ili zionekane kuukuu. Kwa miaka mingi uchakavu huo ulipatikana kwa kupuliza mchanga kwa nguvu juu ya kitambaa. Nchini Uturuki vijana waliofanya kazi hiyo waliingiwa na vumbi la mchanga mapafuni, wakapata ugonjwa wa silikosisi, usioponyeka. Baadhi yao walikufa. Serikali ya nchi hiyo iliipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009. Wale vijana walilipa kwa pumzi zao ili mtu mwingine aonekane kama aliyefanya kazi. Jinzi mbichi, iwe nakala au ya kisasa, humwachia mvaaji aichakaze mwenyewe. Hapo ndipo nakala yenyewe hukoma: waweza kunakili uzi, ribiti na mshono uliopinda, lakini magoti ya mchimba madini huyanakili. Watengenezaji wachache huuza nakala zilizokwisha kuchujushwa kwa mfano wa suruali fulani kuukuu, na hizo mimi naziona uongo mtupu, hata zikishonwa vizuri namna gani.

Nasi je? Tangu Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, viwanda vya Athi River na Nairobi vimeshona jinzi kwa mamilioni za kuuzwa huko, kwa kitambaa ambacho sehemu kubwa huletwa kutoka ng'ambo. Mikono yetu inaujua mshono. Na kila wiki marobota ya mitumba hufunguliwa Gikomba na Kongowea, yakiwa na suruali za kila mwaka na kila nchi, jinsi Ameyoko ilivyokuwa. Mwalimu wa ushonaji mwenye shilingi mia tatu anaweza kununua moja, akawapa wanafunzi wembe waifumue: wahesabu nyuzi kwa sentimita, wautazame ukingo kama umefungwa au umekatwa, waupime uzito wa kipande, waukate uzi wa mtande wakitazame kiini chake. Kazi hiyo haitaki maabara. Yataka vipindi viwili na subira, na mwalimu asiyeona haya kuambiwa kwamba anafundisha mitumba.

Huko Marekani, tarehe 31 Desemba 2017, kiwanda cha White Oak mjini Greensboro, kilichoanza kazi mwaka 1905, kilifungwa. Levi's wanayo idara inayotengeneza nakala za suruali zao wenyewe za kale, na kwa miaka mingi kitambaa cha nakala hizo kilitoka White Oak. Baada ya kufungwa ilibidi watafute kwingine panapofumwa kitambaa kama kile cha babu zao. Walikwenda Japani, kwa Kaihara.